Moshi wa Mathenge

Nilijua kwa pua kabla sijajua kwa masikio.

Abdilatif aliingia uani kwetu Alhamisi baada ya Alasiri, shati jeupe limenyooshwa kwa pasi, zile tepe nyeusi za mabegani zenye mistari ya dhahabu zikimeta juani, mkononi mfuko wa tende. Akainama kidogo kunikabidhi mfuko, na alipoinama kola yake ikanipumulia usoni. Hayakuwa manukato. Haikuwa harufu ya mafuta ya ndege, ambayo nimeizoea tangu tuchumbiane. Ulikuwa moshi. Na si moshi wa jiko, wala wa sigara, maana Abdilatif havuti. Ulikuwa moshi wa kufukizia mitungi ya maziwa.

Msiniulize nimejuaje. Nimelelewa ndani ya moshi ule. Mama yangu, Maka, ambaye sisi nyumbani tunamwita Hooyo kama Wasomali wote, aliuza maziwa ya ngamia katika soko la Garissa tangu baba alipofariki mpaka nilipopata kazi ya ualimu. Alfajiri zote za utoto wangu nimeamshwa na harufu hiyo. Kaa jekundu la mti linatumbukizwa mtungini, mtungi unafunikwa, unatikiswa, kaa linamwagwa, ndipo maziwa yaingie. Bila moshi yanachacha kabla hujafika barabarani. Mtu anaweza kunidanganya kwa maneno, na wapo waliofanikiwa. Kwa moshi ule, thubutu!

"Ahsante," nikamwambia. "Karibu kiti, Kapteni."

Akanitupia jicho. Mimi huwa simwiti Kapteni.

"Kabteni! Kabteni amekuja!" Hooyo akapaza sauti kutoka jikoni. Herufi ya P haijawahi kukaa kinywani mwa mama yangu, lakini hilo neno alilipenda kuliko maneno yote ya dunia. Tangu posa ianze kuzungumzwa, kila ndege iliyopita juu ya mtaa wetu wa Bulla Iftin ilikuwa ya mkwewe. Ikisikika tu, majirani walitakiwa wainue shingo. Asiyeinua aliulizwa kama ana wivu.

Akatoka kumsalimia. Kabla ya kufika alinusa viganja vyake haraka, kimoja kisha kingine. Hiyo ni tabia yake ya zamani. Ameacha soko siku nyingi, lakini bado hasalimii mgeni wa heshima kabla hajanusa viganja.

"Mashallah, mashallah! Kesho wazee wako wanakuja na wewe bado unafanya kazi? Leo umeruka wapi?"

"Leo... huku huku tu, Hooyo," Abdilatif akajibu, akitazama viatu vyake.

"Huku huku!" Hooyo akacheka kwa raha. "Mtu anasema huku huku kama ametoka dukani, kumbe ametoka mawinguni. Kaeni. Naleta chai."

Kwetu msichana hakai faraghani na mchumba. Tulikaa barazani, kiti chake huku, changu kule, meza ndogo katikati, na Hooyo jikoni, mahali anapotuona vizuri lakini hatusikii vizuri. Basi nikatabasamu. Nilitabasamu mpaka mashavu yakaniuma.

"Na wewe tabasamu," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Hooyo anatutazama. Tabasamu, halafu niambie umetoka wapi."

"Hani, nimetoka..."

"Usiniambie Nairobi."

Akarudi kutazama viatu vyake.

"Siku hizi ndege zinafukizwa, Abdilatif? Abiria wanachacha?"

Lile tabasamu alilokuwa amelivaa kwa amri yangu likamtoka. Akainua mkono, akanusa mkunjo wa shati, halafu akanitazama kwa macho yale ya mtu aliyezoea kutazama mbali. Nilikuwa nayapenda macho hayo. Siku hiyo nilitamani kuyafumba kwa kibao.

"Niliacha kazi," akasema.

"Lini?"

"Kabla ya Ramadhani."

"Ramadhani imepita! Idi imepita! Idi ulikuja hapa na shati hili hili, Hooyo akakupiga picha, akaituma mpaka Mandera!"

"Tabasamu," akanikumbusha, maskini, kwa upole kabisa. Nikatabasamu. Wallahi sijawahi kutabasamu kwa hasira kiasi kile.

"Umefukuzwa?"

"La. Niliandika barua mwenyewe, nikaipeleka mwenyewe. Wakanisihi nibaki."

"Sasa kilichokutoa ni nini? Mapepo?"

Jikoni Hooyo alikuwa akiponda iliki.

"Niliwapeleka watu Liboi," akaanza. "Nikabaki uwanjani nawasubiri, nimekaa kivulini chini ya bawa. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mama mmoja na madumu yake ya manjano. Alikuwa anangoja gari limpeleke Garissa. Gari halikuja. Jua likapanda. Akafungua dumu, akanusa, akamwaga mchangani. La pili, akanusa, akamwaga. Hakulia, Hani. Hakumlaani mtu. Alikuwa anamwaga kama mtu anayenawa miguu. Alipomaliza akajifunika shungi, akalala pale pale."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa narudi na ndege tupu. Wale abiria walisema watalala. Viti vyote vitupu, njia yote mpaka hapa." Akausogeza mfuko wa tende kando. "Hata sikumsalimia. Niliwasha nikapaa. Nilipofika juu nikaliona lile doa jeupe mchangani. Labda sikuliona, labda nilijitungia tu, ukiwa juu vitu vinakuwa vidogo sana. Lakini tangu siku ile, kila nikiinua ndege, naliona."

Nilitaka kuendelea kumkasirikia. Nilikuwa na haki ya kuendelea. Lakini moyo una mambo yake. Wangu ulikuwa umeshasogea nusu kiti kuelekea kwake bila ruhusa yangu.

"Miaka yote hii nimeishi juu ya watu wangu," akasema. "Juu yao, nawatazama kama punje za mtama. Nikajiuliza, hivi kazi yangu ni kuwapita tu?"

"Kwa hiyo sasa unafanya nini hasa? Sema uniondolee mashaka."

"Nina lori. Kuukuu, lakini lina tangi la baridi. Natoka alfajiri, naanzia njia ya Liboi, napita Dagahaley na Hagadera, nachukua maziwa kwa akina mama kila palipo na kituo. Jua likikasirika, mimi nimeshafika Garissa."

"Na hapa Garissa nani anauza?"

Akakohoa. "Mimi."

"Wewe? Sokoni? Umeketi na kata mkononi?"

"Nimesimama."

Ya Rabi! Hapa nieleze kwa asiyetujua. Kwetu ngamia hukamwa na wanaume. Mwanamke hamkami ngamia, ni mwiko tangu enzi. Lakini maziwa yakishatoka zizini, mwanamume kazi yake imekwisha. Kuuza ni kwa wanawake. Wanaume wetu watauza mbuzi, watauza magari, watauza kiwanja kisicho chao, lakini mwanamume aliyesimama sokoni anapimia watu maziwa ni kichekesho cha mji mzima.

"Na hakuna aliyekutambua?"

"Navaa barakoa."

"Kwa sababu ya vumbi?"

"Kwa sababu ya aibu," akasema.

Hapo ndipo hasira iliponirudi vizuri. Si ya maziwa. Maziwa yamenisomesha, yamenivisha, siwezi kuyakasirikia.

"Sikiliza," nikamwambia. "Unakumbuka ulipokuja shuleni kwetu kuzungumza na wasichana wa kidato cha nne? Mmoja akakuuliza kama marubani huogopa. Walimu wote tukajua utajigamba. Ukasema, 'Naogopa kila siku.' Mimi nilikuwa nimekaa nyuma na karatasi za mtihani wa kemia, na niliacha kusahihisha. Nilikupenda kwa sentensi hiyo. Si kwa tepe za mabegani. Sasa yule mtu anayekiri kwamba anaogopa ameenda wapi?"

"Nilimwogopa mama yako."

"Na mimi je?"

"Wewe nilikuogopa zaidi. Mama yako akinikataa, nitaumia. Wewe ukinitazama kama umepunguziwa..."

Tukatazamana. Kati yetu kulikuwa na meza ile ndogo na mfuko wa tende, na sijawahi kuona meza pana kama ile. Ningeweza kunyoosha mkono nikaufikia wake. Ningeweza, kama mlango wa jikoni usingekuwa wazi.

"Kesho Adeer Keynan atauliza kijana anafanya kazi gani," nikasema. Adeer Keynan ni kaka wa marehemu baba, ndiye walii wangu, na haachi swali. "Watajibu nini wazee wako?"

"Mjomba Awil amesema atajibu rubani. Nilipowaambia ukweli walitaka kuzirai. Wanasema tufunge ndoa kwanza, mengine yatajulikana baadaye."

"Fatiha haisomwi juu ya uongo, Abdilatif. Si juu ya kichwa changu. Mwambie Hooyo leo, kabla hujatoka hapa."

"Hani, nimeshusha ndege Mandera katika dhoruba ya vumbi..."

"Basi shuka na hapa."

Hooyo akatokea na sinia. Chai ilikuwa ya rangi ya asali iliyokolea, imepikwa kwa maziwa ya ngamia, iliki imepanda mpaka juu. Akamimina, akaketi nasi, na kwa furaha aliyokuwa nayo akaanza umbea wa sokoni, ambao shoga yake Faduma humletea kila siku pamoja na maziwa.

"Maziwa haya mtaniwia radhi, siku hizi hatujui yanatoka kwa nani," akasema. "Kuna bwana mmoja amezuka pale sokoni, ana lori. Mwanamume! Anapimia watu maziwa! Uso ameufunika kama anayetaka kuiba benki. Na unajua mitungi anaifukiza kwa mti gani? Mathenge!"

Akapiga paja akacheka. Mathenge, kwa asiyeishi huku, ni ule mti wa miiba ulioletwa kuzuia jangwa ukaishia kula malisho, mashamba na njia zetu, na kung'oa meno ya mbuzi wetu. Uko kila mahali, haununuliwi, na hakuna anayeupenda.

"Sokoni wanamwita Bwana Mathenge," Hooyo akaendelea. "Faduma anasema chai ya maziwa yake inanuka kama ua wa miiba ulioungua. Mtu gani mwenye akili..."

"Ilikuwa wiki ya kwanza tu, Hooyo," Abdilatif akasema. "Siku hizi situmii tena mathenge."

Nadhani hata yeye hakujua kwamba amesema. Alikuwa ameudhika, basi. Alikuwa mtu anayesikia kazi yake ikisengenywa, na ulimi ukamtangulia.

Kikombe cha Hooyo kikabaki hewani. Akamtazama shati. Akamtazama mabega. Halafu akasogea mbele polepole, akavuta pumzi kwa pua, na nikaona uso wake ukizeeka.

"Umefukuzwa kazi, mwanangu?"

"La, Hooyo."

"Macho yameharibika? Daktari amekuzuia?"

"La."

"Umeacha mwenyewe."

"Ndiyo, Hooyo. Nisamehe. Nilipaswa kukuambia."

Angefukuzwa, Hooyo angelia naye. Angeugua, angemwombea. Lakini mtu aliyepewa mbingu akairudisha kwa hiari yake, huyo mama yangu hakuwa na mahali pa kumweka.

"Unajua nilikaa pale sokoni miaka mingapi?" akamuuliza, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Hata mimi sijui. Nilikaa juani ili huyu asikae. Nikasema, binti yangu atavaa nguo zinazonuka sabuni. Mungu akanisikia. Akamleta mtu wa mawinguni, nikasema, Alhamdulillah, huko moshi haufiki. Kumbe unakuja kumrudisha."

"Hooyo, Hani ni mwalimu. Hatauza chochote."

"Atafua mashati yako! Moshi huo hautoki, Abdilatif. Niulize mimi." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake. Akainuka. "Waambie wazee wasije kesho."

"Hooyo!" nikaropoka.

"Nimemaliza."

Abdilatif akasimama. Nilidhani atabisha, au atanitazama nimtetee. Badala yake alifungua kifungo cha bega moja, akaivua tepe, akafungua la pili, akaivua, akaziweka zote mbili kwenye sinia kando ya birika.

"Nilikudanganya kwa nguo, Hooyo," akasema. "Kila nikifika langoni ulikuwa unafurahi mno, nikakosa ujasiri wa kukutoa ile furaha. Hiyo si sababu. Lakini ndivyo ilivyokuwa."

Akaenda zake. Langoni akageuka mara moja tu. Shati lake bila zile tepe lilikuwa shati la kawaida, la mtu yeyote, na mimi niliyekuwa nimekasirika tangu alipoingia nikajikuta nataka kumkimbilia. Sikukimbia. Nilichukua sinia nikaipeleka jikoni, chai imepoa, hakuna aliyeinywa.

Usiku ule hatukusemezana mimi na Hooyo. Nilipomaliza sala ya alfajiri nilikwenda stoo, nikapanda juu ya ndoo, nikauteremsha mtungi wake wa zamani kutoka ukutani. Ni mtungi wa kusukwa kwa mizizi, mweusi kwa ndani, tunauita dhiil. Niliwahi kuugusa nikiwa mdogo, nikachapwa. Binti wa Maka hafukizi mtungi. Hiyo ilikuwa sheria ya nyumba.

Nikawasha vijiti vya mgunga mkavu uani. Kaa lilipokuwa jekundu nikalitumbukiza mtungini kwa koleo, nikafunika, nikatikisa kama nilivyokuwa nikimwona akitikisa. Moshi ukaniingia machoni, kwenye shungi, kwenye nywele.

"Unafanya nini wewe?"

Hooyo alikuwa amesimama nyuma yangu, tasbihi mkononi.

"Nafukiza mtungi. Leo wageni wakija, watataka kunywa maziwa."

"Hakuna wageni."

"Basi nitakunywa mwenyewe."

"Hani, weka chini. Utanuka siku nzima. Una vipindi leo?"

"Leo Ijumaa, nina vipindi viwili. Nitawafundisha wasichana nikinuka hivi hivi."

Nilitegemea anipokonye. Badala yake akaketi kwenye kigoda kama mtu aliyechoka ghafla, akanusa viganja vyake bila hata kujua.

"Hujui," akasema. "Siku za wazazi shuleni kwenu, nilikuwa naondoka sokoni mapema, napitia kwa Faduma, nanawa kwa ndimu. Mikono, shingo, mpaka nyuma ya masikio. Nabadilisha nguo. Ndipo naja. Ili wenzako wasikuambie mama yako ananuka."

"Nilijua."

"Hukujua."

"Nilijua, Hooyo. Ndimu haijawahi kuushinda ule moshi, hata siku moja. Wasichana wengine walikuwa wananyoosha shingo dirishani watazame kama mama zao wamefika. Mimi nilikuwa nimeinamia daftari. Harufu ikiingia, nilijua wangu yuko langoni." Nikautikisa mtungi tena. "Nilikuwa nafurahi. Nilikuwa nasema moyoni, amekuja."

Tasbihi iliacha kutembea.

"Ukisema hapana, nitatii," nikamwambia. "Sitatoroka, sitakutia aibu. Lakini sema hapana kwa sababu alitudanganya. Nitaielewa. Usiseme hapana kwa sababu ya moshi, maana huo ndio ulionilea."

"Alidanganya!" akasema upesi, kama mtu aliyerushiwa kamba. "Mwanamume gani anajificha ndani ya nguo?"

"Na mwanamke gani anajificha ndani ya ndimu?"

Nilisema hivyo halafu nikaogopa. Kwetu mama hajibiwi hivyo. Hooyo alinikazia macho, nami nikasubiri kofi, na kwa haki ningelipokea. Kisha kitu kikamtikisa mabega. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, halafu kweli akawa analia, halafu vyote viwili pamoja, akijifuta kwa ncha ya shungi.

"Mtoto mkorofi," akasema. "Baba yako alikuwa hivyo hivyo. Lete huo mtungi, unauchoma. Unatikisa kama unaua nyoka."

Nikampa. Akaushika, na mikono yake ikakumbuka. Uso wake ulikuwa umeinama ndani ya moshi, nami sikuuona vizuri.

"Mpigie simu," akasema bila kuinua kichwa. "Mwambie wazee waje baada ya Alasiri kama tulivyoahidiana. Lakini yeye asije na lile shati."

Walikuja. Mjomba Awil na wazee wengine wawili, ndevu zimetiwa hina, bakora mikononi, wakapokewa na Adeer Keynan sebuleni. Abdilatif aliketi karibu na mlango, amevaa kikoi na kanzu fupi ya kijivu, hana tepe wala mstari. Sisi wanawake tulikuwa chumba cha pili, pazia likitutenganisha nao, mimi, Hooyo, Faduma na shangazi zangu. Wanawake husikiliza tu. Mazungumzo ya posa ni ya wanaume, na sijawahi kusikia mwanamke akitia neno.

Walisalimiana mpaka salamu zikaisha. Wakaulizana habari za mvua, za ngamia, za koo, nani ni binamu wa nani. Kisha Adeer Keynan akasafisha koo.

"Sasa, kijana wenu. Anafanya kazi gani?"

Kupitia upenyo wa pazia nilimwona Mjomba Awil akizungusha bakora.

"Kijana huyu," akaanza, "ni mtu wa safari. Ni msomi. Amezunguka. Ameona nchi nyingi, kwa kweli, kutoka juu..."

"Kazi, Awil. Nimeuliza kazi."

"Ndiyo, nafika huko. Kazi yake, unaweza kusema ni ya usafirishaji, kwa namna fulani..."

Nilimwona Abdilatif akiinua kichwa. Alikuwa anakwenda kusema. Midomo ilikuwa imeshafunguka, akiwa mwenye hofu, yule yule aliyesimama mbele ya wasichana wangu na kukiri kwamba anaogopa kila siku. Lakini aliwahiwa.

"Anauza maziwa!"

Sauti ilitoka ubavuni mwangu. Faduma akashika mdomo. Shangazi mmoja akasema, "Naa, Maka, wewe!" akimvuta nguo. Hooyo alikuwa amesimama, amelikabili pazia kana kwamba wazee wote wanamwona.

"Anauza maziwa ya ngamia sokoni, Keynan! Kama mimi nilivyouza. Kwa maziwa hayo nilimlea binti wa ndugu yako, na hakuna siku nilikuja kugonga mlango wako. Kuna mwenye neno?"

Bakora ya Mjomba Awil ikamponyoka, ikagonga sakafu, na hakuna aliyeinama kuiokota.

Kisha Adeer Keynan, yule mzee asiyecheka hata harusini, akaanza kucheka. Alianza kidogo kidogo, akaishia kufuta macho.

"Wallahi hakuna," akasema. "Hakuna mwenye neno. Kijana, ni kweli?"

"Ni kweli, Adeer," Abdilatif akajibu, na sauti yake ilikuwa wazi. "Nauza maziwa."

"Basi tuinue mikono tusome Fatiha. Halafu mtuletee hayo maziwa tuyaonje."

Mikono ikainuka pande zote mbili za pazia. Mimi nililia, sitaficha, nililia mpaka Faduma akanifinya. Fatiha ilipokwisha, shangazi yangu akamgeukia Hooyo haraka haraka. Mama mzazi wa Abdilatif alikuwa amefika langoni na wanawake wenzake, wanataka kumpa mkono mkwe mwenzao.

"Maka, kanawe upesi," shangazi akamnong'oneza. "Mikono inanuka moshi."

Hooyo akajifunga shungi vizuri. Hakunusa viganja. Alitoka nje na mikono yake vile vile, amewanyooshea wageni yote miwili.